Mchumba wa Kwanza Aliyesimama Himbi

Ninyi vijana mnaoshika mikro leo kwenye dote za Goma, sherehe za kuomba binti, mkisema kwa nguvu ya spika badala ya nguvu ya kifua, njia mnayopita niliifyeka mimi. Nasema bila haya kwa sababu ni kweli. Asiyeamini aulize kuanzia mtaa wa Mapendo mpaka Himbi: Papa Mikro ni nani? Ataletwa mpaka mlangoni kwangu. Shule niliiacha primeri ya tatu, na mwalimu alimshukuru Mungu kuliko mimi. Lakini nimesimama mbele ya maavoka wa mahakamani na madaktari, watu waliotundika diplome ukutani kama picha za watakatifu, wakaniachia neno langu mpaka mwisho. Hakuna aliyenikata, ila mmoja, na huyo nitamfikia.

Sasa nimeacha. Si uzee, nywele nyeusi bado zinazishinda nyeupe, na koo ni zima. Wako wanaosema matajiri wa Himbi wamenifungia mlango. Waseme. Mimi nitaandika mwenyewe kilichotokea, kwa sababu kila nikikikumbuka mwili unanisisimka kama siku ile ile, na kwa sababu ninyi nanyi mtakutana na jambo la namna hiyo siku moja.

Nilianza sokoni. Nilikuwa napanda juu ya meza ya nguo za mtumba na kuita wanunuzi. Siku moja akaja muzee mwenye kofia ya kufumwa, mtu wa familia za Maniema, jina lake Muzee Ramazani. Akavaa koti, akaona mkono mmoja ni mrefu kuliko wa pili.

“Mutoto, hii koti iko na kilema.”

“Hapana, muzee. Mwenye hii koti alikuwa mutu ya kusalimia batu sana. Mukono umevutwa na heshima.”

Alicheka mpaka akashika meza. Akalinunua koti, kisha akasema, “Jumamosi kuya kwangu. Huo mudomo unaharibikia hapa.”

Hivyo ndivyo nilivyoingia kazini. Muzee Ramazani alikuwa msemaji wa dote, yule anayesimama kwa ajili ya familia siku ya kuomba binti. Maana siku ile baba wa kijana na baba wa binti hawazungumzi wenyewe. Wanakaa kwenye viti vikubwa kama mizigo ya thamani na kuwatazama wasemaji wao wakipigana kwa maneno. Upande unaoomba unasimama, upande unaotoa unakaa. Na jina la binti halitajwi, hata kama limechapwa kwenye mwaliko kwa herufi za dhahabu. Unasema mmekuja kutafuta ndama aliyepotea, au ua lililochungulia juu ya ukuta.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa Mapendo. Muzee alinipa kusalimia tu. Nikasalimia vizuri, watu wakapiga makofi, utamu ukanipanda kichwani, nikasema, “Basi tumekuja kumwomba Espérance.” Kelele! Shangazi wa binti aliruka kama mtu aliyekalia kaa la moto. Tukapigwa amande, faini ya kasiye mbili, kreti mbili za bia, na Muzee, Mwislamu ambaye hakuonja bia maisha yake yote, akazunguka mtaa mzima na kanzu yake akizitafuta. Wakati wa kurudi hakunigombeza. Alisema tu, “Leo umejua neno moja linaweza kuwa na uzito gani. Lile lako lilibebwa na batu wane.”

Vyombo vya kazi yetu ni vichache, na ninyi mmevitupa. Kipande cha tangawizi mfukoni. Kitambaa cheupe, si cha jasho, ni cha kujipatia nafasi: ukikosa neno, unafuta paji la uso pole pole, na watu wanadhani unafikiri. Fimbo, kwa sababu mtu mwenye fimbo hakatwi maneno. Na usile kabla ya kusema. Tumbo lililoshiba halina mashairi. Zaidi ya yote, kabla ya kumsalimia mtu yeyote, tafuta kwa macho shangazi wa binti amekaa wapi. Baba ni bendera tu. Shangazi ndiye serikali.

Nimeona magumu. Mara moja baba wa binti alilala usingizi katikati ya hotuba, akakoroma mpaka wageni wakasikia. Nikainua fimbo nikasema, “Muone! Mutu halali mbele ya batu asiowaamini. Mukwe, umeshakubaliwa!” Vigelegele. Mwenyewe aliamka akakuta binti ameshaolewa. Mara nyingine mvua iliangusha hema juu yetu sote, nikaendelea kusema nikiwa chini ya turubai, na upande wa pili ukajibu kutoka huko huko chini. Muzee Ramazani alikuwa akisema, “Kazi yetu ni kufunika. Aibu ya batu ni chungu, na weye njo mufuniko.” Nilifunika vizuri. Hakuna mtu Goma aliyefunika kama mimi.

Sasa nije kwenye kitu kilichonipa jina. Zamani msemaji wa binti alisema kwa mzaha, “Pole, binti huyu ameshaombwa na mwingine.” Watu walicheka, mambo yakapita. Mimi nikaona huo mzaha una njaa, nikaulisha. Nikatafuta mtu wa vichekesho, Bisimwa, nikamketisha katikati ya wageni. Nikifika pale nasema, “Yuko mmoja aliyewatangulia. Kama yupo, asimame!” Bisimwa anasimama na suruali yake fupi, anasema yeye ndiye mchumba wa kwanza, anadai binti. Upande wa kijana unamhoji, anajibu upuuzi, watu wanashika mbavu. Kisha binti mwenyewe anamletea glasi na kumwambia, “Kaa, kaka yangu.” Akishaitwa kaka, amekwisha. Wanampa jogoo wa kumshukuru kwa kuachilia, anatoka anacheza naye chini ya kwapa. Mchezo huo ni wangu. Ukiuona Sake au Rutshuru, jua umetoka kwangu. Ikafika mahali dote ya Himbi bila mchumba wa kwanza ilionekana kama harusi bila keki.

Basi akaniita Papa Justin, mwenye madepo ya simenti na mabati. Binti yake Solange alikuwa anaombwa na familia ya rafiki yake, watu wenye hoteli kando ya ziwa. Mimi nilisemee upande wa binti. Upande wa kijana walishamchukua Muzee Ramazani. Nilifurahi. Kupambana na mwalimu wako mbele ya watu wakubwa, kuna heshima gani kuliko hiyo?

Siku ya kupanga tulikaa sebuleni, mimi, Papa Justin na mke wake. Mama Solange alikuwa na neno moja analolirudia kama rozari: “Batu watasema nini?” Rangi ya viti, batu watasema nini. Wajomba wa Masisi wakae mbele au nyuma, batu watasema nini. Solange akaleta chai. Nikamwuliza kama ninavyowauliza mabibi harusi wote, “Binti yangu, kuna neno lolote hutaki niseme siku hiyo?”

Akaweka sinia chini. “Papa Mikro, ule muchezo ya muchumba wa kwanza. Tafazali, uiache.”

Kabla sijajibu, mama yake akadakia. “Aiache aje? Dote zote za Himbi ziko nayo. Batu watasema sisi njo tulishindwa?”

Solange aliinua sinia. Alitoka na chai ambayo hakuna aliyekuwa ameinywa. Mimi nikadhani ni haya ya wasichana.

Siku ikafika. Hema nyeupe, viti vimefungwa vitambaa, wakubwa wote wa mtaa mstari wa mbele na miwani yao. Tulianza vizuri. Muzee Ramazani alisema wamekuja kufuata njiwa aliyetua juu ya paa. Nikamwambia paa letu ni refu, je, ngazi mmeleta? Watu walikunywa maneno yetu. Nikafika pale pangu. Nikainua fimbo.

“Muzee, umechelewa. Yuko mumoja aliyewatangulia. Kama iko hapa, asimame!”

Akasimama mtu. Hakuwa Bisimwa.

Alikuwa kijana mwembamba, suti ya kuazima, mabega ya koti yamezidi yake kidogo. Asubuhi nilimwona akisimamisha nguzo za hema. Nikasema moyoni, Bisimwa ameugua, ametuma mwingine, na hakuniambia, mshenzi huyo. Nikaangalia nyuma. Bisimwa alikuwa pale kwenye meza ya chakula na sahani ya sambaza, samaki wadogo wa ziwani, mkononi, mdomo umejaa, ananitazama na kuinua mabega: huyu ni nani?

Watu walishaanza kucheka. Kicheko kikishatoka hukirudishi. Muzee Ramazani akauliza kama mchezo unavyotaka, “Weye ni nani?”

“Ni miye Amani. Niko sudere, kule Mapendo. Madirisha ya chuma ya hii nyumba nilichomea miye.”

Wakacheka. Fundi wa kuchomea vyuma anadai binti wa Papa Justin! Hata Bisimwa hajawahi kubuni kitu kizuri hivyo.

“Na ulikuya na nini?”

“Nilikuya na mikono.”

Wakacheka zaidi. Waziri wangu wa kucheka, shangazi wa binti, alikuwa anajipiga mapaja.

“Ukaona nini?”

“Niliona mutu ananiletea maji ya kunywa juu ya ngazi. Mafundi hatuletewangwa maji kwa glasi, muzee. Tunaonyeshwa robine, bomba ya uani.”

“Na yeye alikuambia nini?”

“Mumuulize.”

Hapo mimi nilisikia baridi. Mchekeshaji husubiri kicheko chake, huyu hakusubiri. Alikuwa anajibu kama mtu anayejibu kweli. Nikamtazama Muzee Ramazani ng'ambo ya uwanja, naye alikuwa anashika ndevu. Sisi wawili tulijua. Watu wote wale wenye akili, wenye safari za Ulaya, walikuwa wanafuta machozi ya kucheka.

Akatoka Solange na mushanana yake ya manjano, vazi la sherehe linalofungwa begani. Alibeba glasi imejaa mpaka ukingoni, na hakuna tone lililomwagika. Kitu cha mchezo hakibebwi hivyo. Alisimama mbele ya kijana. Neno lilikuwa lake sasa: akimwita kaka, imekwisha, asipomwita, sijui, kwa sababu haijawahi kutokea. Nyuma yake mama yake alikuwa anatabasamu kwa wageni.

“Kaa,” Solange akasema. Halafu, baada ya muda, “kaka yangu.”

Amani alipokea glasi. Hakuinywa. Aliiweka chini kwenye majani, akakaa. Makofi! Nami nikashusha pumzi, nikafuta paji la uso, na siku hiyo kitambaa kilikuwa cha jasho kweli.

Vijana wa upande wa pili wakaleta jogoo, amefungwa utepe mwekundu. Amani akatikisa kichwa.

“Sitwai. Jogoo ni ya mutu aliyeachilia. Miye nimekaa juu yeye njo amenituma nikae. Sijaachilia.”

Mnajua kicheko kinavyokufa? Hakifi mara moja. Kilikufa kutoka mstari wa mbele, kikaenda nyuma kiti kwa kiti, mpaka kikabaki kwa watoto waliokalia ukuta, kisha na wao wakanyamaza. Jogoo peke yake akawa anasema.

Papa Justin aliinama mbele kwenye kiti chake. Baba haongei siku ya dote, nimeshawaambia. Aliongea.

“Musemaji. Huyu kijana ni wa kwako?”

Ninyi vijana, jibuni mmoja mmoja: mngesema nini? Mimi nilifanya kazi yangu. Nilitoa sauti yangu yote, ile inayofika ziwani.

“Wangu, papa! Nimemuleta miye! Si munaona anavyoichezaka vizuri?”

Na ilishika! Niliona mabega ya wakubwa yakishuka, mmoja akaanza kucheka, “Ah, huyu Mikro!” Chungu kilikuwa kimeshafunikwa. Kilibaki kidogo tu, punje.

“Hapana, papa,” Solange akasema. “Ni wangu.”

Hakupiga kelele. Alisema kama mtu anayeulizwa sokoni kapu hili ni la nani.

Mama yake aliinuka nusu. “Solange! Batu!”

“Batu nimewaona, mama.”

Nimeona hema likianguka, nimeona baba akikoroma, nimeona ng'ombe wa mahari akiingia sebuleni. Sijaona kitu kama kile. Kwa miaka yangu yote nimesikia mabinti wakisema waliyofundishwa na shangazi zao. Fimbo iliniponyoka, na hakuna hata aliyegeuka kuiangalia. Yule bwana harusi alikuwa anamtazama Solange kama mtu anayeonyeshwa mgeni.

Muzee Ramazani ndiye aliyetembea mpaka katikati. Alivua viatu, sijui kwa nini, akasimama juu ya mkeka wa heshima na soksi zake.

“Sisi tulikuya kuomba binti,” alisema. “Hatukukuya kunyang'anya.”

Akawageukia watu wake. Wakabeba kasiye zao zikiwa zimefungwa. Bwana harusi akafunga kifungo cha koti, akafuata. Wageni wa Himbi hawakujua waage au watoroke. Wengine waliaga viti. Solange alipita katikati yao wote, akapanda pikipiki ya Amani upande upande na mushanana yake, wakaenda. Baba yake hakuinuka.

Mtaa ulitegemea atakwenda kukaa kwa yule kijana, wapate la kusema. Hakwenda. Alikwenda kwa bibi yake mzaa mama, Mapendo, akasema hatoki pale mpaka baba yake aombwe kama baba za wengine. Asipokubali, atazeeka hapo. Wiki zikaingia miezi. Simu za Himbi hazikuniita tena, na mimi sikuzisubiri, nina jina langu.

Akaja Amani kwangu na baba yake mdogo, mkulima wa Masisi aliyemlea, mtu mwenye mikono mikubwa na kinywa kidogo. Wanataka niwasemee kwa Papa Justin. Nilidhani wananicheka. Nikaenda kwa Muzee Ramazani, amelala kitandani na mguu unaomsumbua.

“Enda,” akasema. “Lakini usipambe.”

Nilipamba. Ningefanyaje? Nilikesha natunga. Tulikwenda mchana na jerikani ya kasiksi, pombe ya ndizi, juu ya chukudu, baiskeli ya mbao ya kusukuma, sisi watatu, hakuna hema, hakuna vigelegele. Papa Justin alitupokea tukiwa wima uani, katikati ya mifuko ya simenti. Alikuwa amekonda. Nikainua fimbo.

“Papa, mawe ya nchi hii yalikuwa moto kabla ya kuwa mawe. Tumekuya kufuata cheche moja iliyorukia...”

“Acha.”

Nikaacha. Huyo ndiye aliyenikata.

“Siku ile ulisema kijana ni wa kwako,” akasema. “Ulidanganya ili uniokoe.”

“Njo, papa.”

“Basi danganya tena. Nitafutie neno la kuambia batu. Alisoma wapi. Babu yake alikuwa nani. Kitu tu, Mikro. Kila nikienda kwenye harusi ya batu wananyamaza. Mutoto yangu haingie kwangu tangu siku ile. Nipe neno, nami nitamwita arudi leo.”

Yule tajiri alikuwa ananiomba. Na maneno, niamini mimi, yalikuja. Babu mtwale, chifu wa milimani. Masomo ya ufundi ng'ambo. Yalijipanga mbele yangu yamevaa vizuri. Nikamtazama Amani ili nimpime lipi linamkaa, naye alikuwa anamtazama Papa Justin tu, na alama za moto mikononi mwake. Hakuna lililomkaa. Yote yalikuwa na mkono mmoja mrefu.

“Papa,” nikasema, “huyu ni sudere ya Mapendo. Sina ingine.”

“Musemaji mzima, umekosa neno?”

“Nimekosa.”

Akapangusa vumbi la simenti mikononi. Kisha akamgeukia yule mkulima, kinyume cha desturi zote ninazozijua. “Na weye, baba yake. Unasema nini?”

Mzee wa watu alivua kofia. “Miye sijuake kusema. Nimekuya kuomba mutoto.”

Papa Justin aliitazama ile kofia mkononi mwake. Kisha akaita kuelekea nyumbani, “Mama Solange! Leta viti. Bitatu.”

Nikahesabu kwa macho: yeye, mkulima, kijana. Akanigeukia.

“Musemaji, weye unaweza kwenda.”

Mimi! Papa Mikro! Nilitoka na fimbo yangu. Nilifika nje, nikashindwa kuendelea, nikasimama kando ya ukuta wa mawe nikisikiliza kama mtoto mwizi. Ndani, baba wawili walikuwa wanaongea wenyewe, jambo ambalo halifanywi. Mmoja alisema kuhusu viazi. Mwingine akamjibu kuhusu mvua. Walitaja jina la Solange waziwazi, bila ndama wala ua, na hakuna aliyetozwa kitu. Mkulima alianza sentensi akaisahau. Papa Justin akaimalizia vibaya. Halafu nikasikia mama mtu akipiga simu, sauti imekatika: “Solange, kuya. Baba yako anakuita. Hapana, hakuna batu. Ni siye tu.”

Walikuwa wanasema vibaya kabisa, wale watu, vibaya kuliko wote niliowahi kuwasikia, na walikuwa wanaelewana.